Kioo Kitupu cha Nyanjige

Siku maabara ndogo ya mifugo ilipofungwa mjini Bariadi, mwaka 1995, karani aliyetumwa kuhesabu mali alimaliza rafu zote kabla ya saa sita. Hadubini moja, mizani mbili, viti vitatu. Kisha akafika kwenye kipande cha kioo chembamba, kirefu kama kidole, akakiinua dirishani.

"Mama, hiki hakina kitu."

"Kina kitu," alisema Nyanjige Luhende, msaidizi wa maabara.

"Kiko wapi?"

Hakuweza kumwonyesha, kwa sababu hadubini ilikuwa imeshapigiwa misumari ndani ya sanduku. Katikati ya kioo kile palichorwa mstari wa milimita moja, uliogawanywa sehemu mia zilizo sawa, kila moja mikroni kumi. Kwa macho matupu ulikuwa mkwaruzo tu, tena kwa mwenye macho mazuri. Karani alikitupa kwenye ndoo ya takataka. Nyanjige akakiokota mbele yake.

"Haya, nenda ukajitazame," karani alimtania. Wenzake wakacheka, kisha kila mmoja akachukua barua yake ya kupunguzwa kazi.

Nyanjige alirudi Ngulyati, kwenye majaruba ya mpunga na ekari mbili za pamba. Wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuja na mizani yao hadi uani. Dawa za ng'ombe, zilizokuwa zikitolewa na serikali, sasa zilipangwa madukani pamoja na betri na sabuni. Watu walimwambia dunia imefunguka. Yeye hakubisha. Alilima, alisomesha, alikwenda kusali jumuiya. Lakini miaka kumi na minne alikuwa ameizoea duara ile ya mwanga ndani ya hadubini, na ile nukta ambayo ukungu ulijikusanya na kuwa kitu chenye ukingo. Hakuna kazi ya jembe iliyompa hiyo. Jioni nyingine alikitoa kioo kwenye kitambaa chake, akakiinamisha kuelekea mlangoni hadi mkwaruzo uonekane, akakirudisha. Mwenye rula alikuwa yeye, lakini hakuwa na cha kupima.

Mwishoni mwa Oktoba 1998, siku ya mnada wa mifugo wa kila wiki mjini, aliiona tena hadubini ile. Ilikuwa dirishani kwa Danford, mwenye duka la dawa za mifugo, katikati ya makopo ya dawa ya kupe. Rangi ilikuwa imebanduka mguuni palepale alipopajua. Danford alikuwa ameinunua mali ya serikali ilipouzwa, akaiweka pale ili wafugaji waone kwamba duka lake lina utaalamu.

Nyanjige aliingia ndani. Kwenye benchi alikaa Mboje, mfugaji wa Zagayu, aliyeliacha dume lake nje, limekonda hadi mbavu zinahesabika.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu.

"Mwangaluka, mayu," Mboje aliitikia.

"Nagana hiyo," Danford alikuwa akimwambia Mboje. "Ninyi wa Zagayu mko karibu na pori, mbung'o wanaoileta wamejaa. Choma sindano, wachome na wale wengine wote."

"Umeiona hiyo nagana?" Nyanjige aliuliza.

Danford alimgeukia. "Na wewe ni nani, mama?"

"Nilikuwa nakalia hiyo mashine. Nipe nafasi nipime. Nikikosea, nifukuze."

"Nafasi ya leo tu, au unatafuta kazi?"

Aliitazama hadubini pale dirishani. "Natafuta kazi," alisema.

Danford aliishusha hadubini mezani. Nyanjige alichukua tone la damu sikioni mwa dume, akalitandaza kwenye kioo kingine, akalitia rangi. Wakati linakauka alifungua kitambaa chake.

"Kioo kitupu hicho," Danford alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

Alikiweka chini ya lenzi ndefu, ile inayotumia tone la mafuta. Ndani ya jicho la hadubini mlikuwa na rula nyingine ndogo yenye nafasi mia, lakini nafasi hizo hazina maana hadi zilinganishwe na kipimo cha kweli, na kila lenzi ina ulinganifu wake. Zamani, kwa lenzi ile, nafasi moja ilikuwa mikroni moja kamili, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Alilaza mstari juu ya mstari, sifuri juu ya sifuri, akasogea taratibu hadi mwisho. Nafasi mia za jichoni zilimeza sehemu kumi na moja za kioo. Zilipaswa kumeza kumi.

Akarudia. Kumi na moja. Akafuta mafuta, akaanza upya. Kumi na moja.

"Hii lenzi si yake," alisema.

"Fundi wa Mwanza aliibadilisha. Ile ya kwanza iliota ukungu. Umejuaje?"

Nyanjige aliipapasa mashine. Mguu ulikuwa uleule, na kifundo cha kusogezea kilikwama palepale kilipokuwa kikikwama. Ila lenzi aliyoitazamia miaka yote ilikuwa imetupwa Mwanza, naye alikuwa ameikumbuka miaka mitatu bila kujua kwamba haipo. Aliandika kwenye karatasi: nafasi moja, mikroni moja na sehemu ya kumi.

Ndipo akaweka damu. Alitafuta karibu nusu saa, Mboje akisinzia na kuamka. Mwembamba, aliyejipinda, mkubwa, ncha mbili kali: mdudu mmoja. Alihesabu nafasi hamsini na nane, akaziandika kwenye karatasi ileile.

"Mikroni sitini na nne," alisema. "Wa nagana hafiki hata nusu ya hapo. Huyu ni mkubwa asiyeua. Ng'ombe wengi wanaye. Baba Mboje, dume lako lina njaa, au lina minyoo. Lete kinyesi."

"Basi nisiwachome wote?"

"Usiwachome."

"Wabeja, mayu!" Mboje alisimama akishukuru. "Bwana Danford, dawa yako ikae, haiozi."

Danford alisubiri Mboje atoke. "Mama, umenifukuzia mteja."

"Atarudi. Sasa anajua hapa panapimwa."

Danford aliisoma karatasi. "Na hii? Hamsini na nane au sitini na nne, kuna tofauti gani?"

"Kwa dume lile, hakuna. Kwangu ipo."

Danford alicheka kidogo, halafu akasema bila ubaya kwamba mpwa wake anamaliza chuo cha mifugo, atakuja mwishoni mwa Januari kukaa pale. Akishapewa namba ile hatahitaji kupima upya. "Mpaka aje, njoo siku za mnada. Zaidi ya hapo sikudanganyi."

Nyanjige alihesabu kimoyomoyo. Minada kumi na miwili.

Wiki iliyofuata Danford alimkuta kwenye ngazi ya duka, kanga imelowa umande, kabla hajatoa funguo mfukoni.

"Mama, umelala hapa?"

"Fungua, baba," alisema. "Ukipita mnada huu inabaki kumi na mmoja."