Saladi ya Idi kwa Mama Mahmudu

Pulchérie aliwapikia masista wa Fizi miaka kumi na tisa, na kati ya yote aliyojifunza kwao, alilojivunia zaidi ni mchuzi wa saladi. Mafuta, siki, haradali, chumvi. Unachapa kwa uma hadi vishikane. Vita vilipopanda milimani masista waliondoka, naye akashuka kwa miguu hadi mji wa Baraka, kando ya ziwa, sufuria kichwani na uma ule ule ndani yake.

Latifa, mjane ambaye mtumbwi wake ulikuwa unaoza ufukoni, alimpa chumba bila kumuuliza dini. Miezi saba wakala sahani moja. Kwa hiyo Idi ilipokaribia Pulchérie alimwambia, "Mama Mahmudu, siku ile usiguse moto. Mi ndiye nitapika." Hakuwa na kingine cha kumpa.

Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, walipatikana, kabichi na nyanya pia. Mafuta ya saladi hayakuwapo, basi akachemsha mawese hadi wekundu ukatoka, akayaacha yapoe. Mahali pa haradali akatwanga karanga na pilipili. Siki ndiyo iliyomtoa jasho. Ndimu za mtaa mzima zilikuwa zimekwisha. Kila nyumba ilizikamua kwenye maji ya kunywa, kwa kuogopa kipindupindu. Ndipo akamkumbuka Casimir, jirani aliyetengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na dumu lake moja lililosahauliwa likachacha. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Kali, safi, kuliko hata ile ya chupa.

Asubuhi ya Idi alichapa mchuzi ule bakulini akiimba. Latifa akatokea njiani akirudi kutoka kuswali, mtandio mweupe kichwani, na uma ukasimama mkononi mwa Pulchérie. Kasiksi. Kwa masista, ambao kwao divai ilikuwa mezani hata Kwaresima, hakuwahi kuhitaji kujiuliza swali kama hilo.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alitoka na bakuli hadi mlangoni.

"Mama Mahmudu, hii usiikule. Siki yake ni kasiksi ya Casimir."

Latifa akachungulia bakuli, kisha akamtazama usoni. "Mwezi muzima nimefunga, na we unaningoja ku mulango na pombe?"

"Ilishachacha, hailewishe. Lakini ni kasiksi."

"Shehe alikimbilia Kigoma. Nitamuuliza nani sasa, Casimir?"

Pulchérie hakucheka. "Basi ninaimwaga."

"Mwaga. Karanga zimebaki?"

"Kidogo. Na mafuta, vijiko vitatu."

Latifa akaingia chumbani, na Pulchérie akasikia sanduku likiburutwa ili apande kufikia rafu. Alirudi na chupa ya achari: ndimu alizozitia chumvi na kuzianika juani kabla ya vita, kwa ajili ya Mahmudu, mwanawe, aliyevuka ziwa na ambaye hakuna aliyeleta habari zake. Pulchérie alikuwa ameifuta vumbi chupa ile miezi yote, bila kuthubutu kugusa kifuniko.

"Mama, hii ni ya Mahmudu."

"Akirudi atakuta nusu. Chapa."

Pulchérie akakatakata ndimu mbili, laini kama ngozi iliyolowa, akamimina na maji yake. Chumvi haikuhitajika tena. Mchuzi ulishikana ukawa wa manjano, na ladha yake haikuwahi kufika kwenye meza ya masista.

Latifa alikula, akaongeza, akapangusa sahani kwa tonge la bukari, ugali wa muhogo. "Na ile ingine, uliimwaga wapi?"

"Ku mugomba, kule nyuma."

"Basi imerudi kwabo," Latifa akasema. "Leo mugomba utalala mulevi."

Safari hii Pulchérie alicheka hadi akaweka uma chini. Kisha akachemsha maji, akayatia chumvi, yalipopoa akayaongeza kwenye chupa hadi yakafunika ndimu zilizobaki, zisikauke kabla mwenyewe hajarudi.