Kampuni Iliyosema Tuna Boma

"Nani anaongoza leo?" Baba alikuwa akiniuliza hivyo kila akiingia dukani kwangu hapa Kondele, kabla hajavua hata kofia.

Hakuwa anauliza habari za mpira. Alitaka kujua ni kampuni gani leo yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, kati ya zile ambazo hisa zake zinauzwa sokoni. Mimi kazi yangu ni kuchapisha, kupiga fotokopi na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni, kwa hiyo kompyuta iko wazi siku nzima na orodha hiyo naipata upesi. Namwambia leo ni ile ya kutengeneza chipu, au ile ya simu za bei mbaya. "Na yetu?" Yetu ni ya tatu, Baba, au ya nne. Hapo mzee ataguna, avute kiti cha wateja, akae katikati ya njia, na watu wangu waanze kumrukia miguu. Ati yetu! Hatukuwa na hata senti moja ndani yake.

"Yetu" ilikuwa ile kampuni yenye ramani, na ilikuwa yetu kwa sababu ya maji.

Tulikuwa na boma huko chini ya Kisian, ukiiacha barabara ya Busia na kushuka upande wa ziwani. Ziwa lilipoanza kupanda, watu wa kule walisema litarudi, kwani limewahi kupanda zamani likarudi. Aa wapi. Likaingia shamba la mtama. Likaingia choo. Likaingia jikoni kwa mama, ambaye alikuwa ameshakufa, na mwishowe likamfuata mama mwenyewe pale alipolala, mkono wa kushoto wa nyumba, chini ya vigae vyeupe nilivyovinunua mimi kwa jasho langu. Nilikuwa nimemwambia Baba tumhamishe mapema. Alinijibu kwamba mke wake si gunia la mahindi. Baada ya wiki chache tulimtoa Baba mwenyewe kwa mtumbwi, amepakata redio, akaja kukaa nami katika vyumba viwili vya kupanga, mahali ambapo jirani akikohoa unamwambia pole kupitia ukutani.

Sasa mtu asiyetujua atasema, si ana paa juu ya kichwa? Mzee wa Kijaluo hakai kwa binti yake mjini akahesabu kwamba anakaa. Anasubiri. Na akifa, hatutoi maiti mochari tukaipeleka nyumba ya kupanga; tunaipeleka dala, nyumbani kwake, azikwe ndani ya ua wake mwenyewe. Baba alikuwa na swali moja tu lililokuwa linamla: akifa, tutampeleka wapi?

Siku moja nilikuwa namtafutia mteja njia kwenye ile ramani ya picha zilizopigwa kutoka angani. Alipoondoka nikaisogeza hadi kwetu, kwa uchungu tu, nione maji. Yawa! Hakukuwa na maji. Kulikuwa na paa letu, ua wetu wa minyaa, na pembeni ya nyumba kidoa cheupe, vile vigae. Picha ilikuwa ya zamani, kabla ziwa halijapanda, na hakuna mtu aliyejisumbua kuibadilisha. Nikamwita Baba kwa kelele mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Nilidhani atalia. Alinikemea. "Nani alikufundisha kuingia bomani kwa juu ya paa? Wewe ni mwewe? Rudi barabarani." Nikarudi barabarani. Akaanza kunielekeza: shika lami, pita kanisa, pita kinu cha posho, shuka na kile kijia, sasa pole pole, hapa ndipo lango. Tukaingia kwa heshima. Tukasimama uani, mimi na yeye, na mteja wa fotokopi akipiga miluzi ya hasira mlangoni. Tangu siku hiyo, kila jioni nikikaribia kufunga, nilimpa simu yangu naye akaenda nyumbani kwa kidole. Hakuruka hata kona moja.

"Picha ni ya nani?" aliniuliza. Nikamweleza habari za ile kampuni, na kwamba iko kwenye orodha ya zile kubwa kabisa duniani.

"Wanauza nini?"

"Matangazo, Baba. Ramani ni bure."

"Bure, halafu matajiri?"

"Ukiuza Kenya yote na ng'ombe wake, hujawafikia."

Baba alikuwa karani wa mizani katika ushirika wa wavuvi miaka mingi, na hakuna kitu anachoheshimu kama mizani ya mtu asiye na haja ya kuiba. "Mtu mwenye pesa hiyo yote," akasema, "atanidanganya mimi ili apate nini?" Ndipo akaanza kuulizia orodha kila siku. Kampuni ikipanda, chai ilimshuka vizuri. Ikishuka, alinuna kana kwamba nimeishusha mimi.

Ningeachia hapo kama yangekuwa mambo ya kuchekesha tu. Lakini baba yangu mdogo, ndugu yake wa kumfuata, alikuja na neno zuri. Alikuwa na kipande cha ardhi juu ya barabara, kwenye kilima, mahali maji hayawezi kufika hata yakipewa ngazi. Alikitoa bure, ndugu kwa ndugu. Alichoomba ni Baba ajenge hata nyumba ndogo ya mabati kabla ya mvua ndefu, kwa sababu kulikuwa na watu wa kukitaka na watoto wake walikuwa shuleni. Wazee wakakusanyika kwangu, wakajaza vyumba vyote viwili na kitanda.

Baba akawasikiliza. Kisha akasema dala mpya mwanamume huiingia na mke wake. "Mimi nitaingia na nani? Nimwache yule peke yake kule chini, niende kupunga upepo kilimani?" Wakamwambia siku hizi kanisa linaombea boma jipya, mambo yanaisha. Ndipo akatoa simu yangu mfukoni, akaizungusha mkono kwa mkono.

"Hii ni kampuni kubwa ya dunia. Imesema nina boma. Wewe unayesema sina," akamnyooshea mmoja wao kidole, "hisa zako zinauzwa soko gani?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, haki ya Mungu. Baba mdogo naye alicheka, halafu akaacha. "Owadwa," akamwambia, ndugu yangu, "hiyo ni picha. Mimi nimefika pale, na suruali yangu imelowa." Baba akachukua simu yake, yaani yangu, akasema mkutano umekwisha.

Nilimwambia kwamba picha hizo hubadilishwa. Hapo nikamwona ameogopa kwa mara ya kwanza. Kesho yake alikuja dukani na mpango. Ninunue hisa moja ya ile kampuni, moja tu. Katika ushirika wao, mwenye hisa moja alikuwa na haki ya kusimama kwenye mkutano wa mwaka akamshika mwenyekiti na swali mpaka mwenyekiti atoke jasho. Yeye atavaa suti yake ya kijivu, atasimama, atawaomba kwa adabu wasiiguse ile sehemu ndogo chini ya Kisian. Dunia ni kubwa, wabadilishe kwingine. Nilicheka mpaka machozi, nikaingia nyuma ya pazia kuyafuta, na yakakataa kuisha. Nilimwambia mkutano wenyewe uko Amerika, na hisa moja huko ni mate ziwani. Akaniambia mimi sijawahi kuhudhuria mkutano wa hisa, nisiongee nisichokijua.

Nilimchapishia basi ile picha, kubwa, ya rangi, nikaipiga plastiki. Aliitazama akanirudishia. "Hii haina barabara," akasema. Mvua ndefu zikaja, zikapita, na kilimani hakikusimamishwa hata kigingi. Baba mdogo alipiga simu mara nyingi, kisha akaacha kupiga.

Picha ilibadilika alasiri moja, mvua za mwaka uliofuata zikinyesha. Baba alikuwa na simu kwenye kile kiti chake. Nikamsikia anasema, "Lami. Kanisa. Kinu." Akarudi barabarani akaanza upya. Akanipa simu, akasema imeharibika. Nikafungua kompyuta. Kijia kilishuka vizuri kutoka kinuni, kikafika mahali kikaingia majini, maji ya rangi ya chai, na gugumaji lilitanda kijani hadi pale palipokuwa na ua. Muuza viatu naye akatoa simu yake. Picha ilikuwa ni ile ile.

"Wamesema," Baba akasema. "Basi ni kweli."

Hapo nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo sijapata pa kuiweka. Huyu mtu alitolewa kwa mtumbwi! Alipita kwa kasia juu ya shamba lake mwenyewe, akaona, na hakuamini. Sisi watoto tulimwambia, ndugu yake alimwambia, chifu alimwambia, hakuamini. Hawa ambao hawajui kama yuko hai walibadilisha picha moja kati ya picha za dunia nzima, bila hata hodi, akaamini papo hapo. Niliwachukia. Niliwachukia na sikuwa na mlango wa kuugonga niwaambie. Juma hilo hilo kampuni yetu ilikuwa imepanda ikashika nafasi ya kwanza. Sikumwambia, na yeye hakuuliza. Hajauliza tena.

Alikaa siku kadhaa bila kuja dukani. Kisha asubuhi moja akaniambia, "Mpigie baba yako mdogo. Mwambie nimekubali kilima."

Nilitoka nje nikapiga, moyo ukiruka kwa furaha, mjinga mimi. "Nyara," Baba mdogo akaniita, binti yangu, "nilimngoja. Ulimwona mwenyewe nilivyomngoja. Nina karo." Alikuwa amemuuzia mtu mmoja anayefanya kazi Nairobi. Sikuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nikapanda pikipiki hadi kule, nikaona kwa macho yangu: mawe, kokoto, mafundi, na kuta zimefika usawa wa madirisha. Nikawatukana mafundi bure. Mmoja akanipa maji ya kunywa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta Baba nyumbani amenyoa ndevu, amevaa miwani, kompyuta yangu ndogo iko mezani mbele yake. Alikuwa amejifunza kutafuta mwenyewe. Ile picha mpya, iliyomnyang'anya boma, ilikuwa imepigwa kabla yule mtu hajaanza kujenga, na kilima chote kilionekana nyasi tupu.

"Njoo uone," akasema. "Hapa hakuna mtu. Wameshaona wao, na wameonyesha wazi. Nyumba tutaiweka hapa, mlango utazame ziwa. Mimi mtanilaza hapa, mkono wa kulia. Na hapa kushoto mtaacha nafasi ya mama yako, hata kama hayupo, isiwekwe kitu."

Kidole chake kilikuwa palepale penye zile kuta.

"Unaonaje," akaniuliza, "panatosha?"

Nikamwambia panatosha.