Koleo langu la theluji liko Tanga

Leo theluji imenikwamisha huku ughaibuni, Woolwich, na vifaa vyangu vya dharura viko Tanga.

Msicheke kwanza.

Mwaka huu nilijiandaa kama mzungu. Kwenye buti la gari niliweka koleo la theluji, blanketi, tochi na kikwangulio cha barafu. Msimamizi wa saiti ya ujenzi ninakofanya kazi alishaniambia nikichelewa tena, nisirudi.

Asubuhi tairi zikazama. Nikafungua buti kwa madaha.

Tupu.

Nikampigia mke wa kaka yangu, tunayekaa naye nyumba moja.

"Shemeji, vitu vya kwenye buti viko wapi?"

"Si nilivipanga kwenye lile pipa la mzigo tuliotuma nyumbani kwa meli? Vilikuwa vipya, nikajua ni zawadi za mama."

"Koleo la theluji, shemeji?"

"Kwani mama halimi?"

Nikaanza kuchimba theluji kwa bakuli langu la wali. Mara picha ikaingia kwenye simu: mama yuko juani, anazoa mahindi kwa koleo langu. Chini ameandika:

"Jepesi hili, mwanangu. Tuma lingine la jirani."

Saiti nimekuta mtu mwingine amevaa helmeti yangu.

Mkisikia kibarua cha kuzoa theluji, niambieni. Ila koleo watoe wao.