Usubi wa Ntobeye na Jicho la Bwana Harusi

Tuliondoka Biharamulo kwa sababu mdogo wangu Method alikuwa anakwenda kumwoa Adela katika kijiji cha Ntobeye, Ngara. Tulibeba hema kwa sababu Method, aliyekulia chini ya bati kama sisi wote, alikuwa ameona picha kwenye simu: vijana wawili, hema, moto, tabasamu. Katika picha zile hakuna aliyekuwa anajikuna. Wageni wengine wangekuja na basi siku ya harusi yenyewe. Sisi tulitangulia kwenda kuonja raha.

Asubuhi nilishika usukani, bwana harusi kando yangu na shati la bluu iliyokoza, sare ya ukoo. Porini, kabla ya Nyakanazi, akataka tusimame nimpige picha. Mbung'o wanapenda bluu kuliko sisi tunavyopenda pilau. Wakampokea kwa heshima zote.

"Kaka, hawa nzi wanachoma hadi ndani ya nguo!"

"Si nzi, ni mbung'o. Ingia ufunge kioo."

"Piga moja ya mwisho."

Katika hiyo ya mwisho anaonekana akijizaba kofi.

Nyakanazi tulikula chipsi mayai katikati ya malori, nikanunua mafuta ya kufukuza mbu. Method akayanusa, akasema yananuka hospitali. Yeye alikuwa na manukato yake ya harusi. Sawa, mbu wa Ngara nao ni watu, wanastahili vitu vizuri.

Alasiri tukafika Ntobeye. Shangazi wa bibi harusi alitulaki uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Chumba chenu nimeshatandika."

"Tutalala kule bondeni kando ya kijito, shangazi," Method akasema. "Hemani."

Mama yule akalitazama hema, kisha akatutazama sisi.

"Kwani tumewakosea nini?"

Jua lilipozama nilivaa mikono mirefu na soksi, nikajipaka mafuta yangu ya hospitali, nikafunga chandarua ndani ya hema. Method aliona joto. Alitandika mkeka nje, akalala kifua wazi, ananukia kama saluni. Nilimwita aingie, akanijibu kwamba naogopa maisha. Nikasinzia nikisikiliza makofi. Kesho yake kanisani hayakupigwa mengi kiasi kile.

Alfajiri, mbu waliposhiba, usubi wakaingia zamu. Ni vidudu vidogo kama punje ya pilipili manga, na vinapenda sana kope za mtu anayenawa uso kijitoni. Jua lilipochomoza jicho la kulia la Method lilikuwa limefumba kabisa, na shingo yake ilikuwa nyeupe kwa dawa ya meno aliyojipaka kama tiba.

"Kaka," akasema, na haikuwa mzaha tena, "Adela akiniona hivi atarudi ndani."

Shangazi akateremka na uji. Akamwangalia.

"Huyu ndiye yule wa jana?"

Akaweka birika chini, akapanda kilima. Nikajua anakwenda kuwaita wazee, na harusi imekwisha.

Aliyeteremka ni Adela mwenyewe, amejitanda kanga, nywele zimesukwa, wakati hakutakiwa kuonwa na mtu mpaka kanisani. Anauza dawa katika duka moja mjini Rulenge. Hakucheka.

"Unaona?"

"Kwa moja."

"Ulimi haujavimba? Unapumua vizuri?"

"Vizuri."

"Basi hutakufa. Usijikune."

Akamwosha dawa ya meno kwa sabuni na maji baridi, akampa kidonge cha mzio, akakunja kitambaa chenye maji na kumwekea jichoni.

"Tuahirishe?" Method akauliza chinichini.

"Nimekaa kutwa nzima nasukwa nywele, Method. Nitaolewa hata na jicho moja."

Kanisani, padri alipowaambia watazamane, Adela alichomoa leso iliyolowa kutoka kwenye shada lake, akambandika jichoni kwa mkono mmoja, mwingine akaunyoosha avishwe pete. Wageni wakadhani bwana harusi analia. Shangazi akawathibitishia majirani kwamba wanaume wa Biharamulo wana mioyo laini.

Siku ya kurudi tulifunga vioo porini. Bibi harusi alikuwa ameshamwagiza mumewe kwamba akipata homa wiki zijazo aende kupimwa, na awataje mbung'o kwa daktari, maana ndio waletao malale. Nami nilirudi nimejifunza: mikono mirefu, chandarua, mafuta yanayonuka, na rangi ya bluu ibaki mbinguni.

Tulipokaribia Biharamulo niliwatazama kwenye kioo. Wote wawili walikuwa wamelala. Mkono wa Method ukapanda shingoni kujikuna. Adela, bila kufumbua macho, akaushusha, na hakuuachia. Nikapunguza mwendo, nikayakwepa mashimo moja moja mpaka nyumbani.