Sufuria Kwanza

Jirani anamimina esanse kwenye pikipiki mlangoni kwangu, na harufu yake inanirudisha kwenye ukumbi wa video, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mwalimu wetu wa historia alitupeleka pale kuona filamu ya zamani ya Amerika. Alitaka tujue kwamba hata Waamerika walipigana wenyewe kwa wenyewe, kisha vita vikaisha. Filamu ilikuwa kwa Kifaransa, naye akasimama kando ya televisheni akitutafsiria.

Kwenye filamu, mji ukaanza kuungua. Mama mmoja mwenye gauni pana akakimbia mikono mitupu, akilia. Nyanya yangu, aliyekuwa amenisindikiza, akacheka kwa hasira.

"Ule mama hajuwe kukimbia! Sufuria yake iko wapi? Godoro iko wapi? Kesho atapikia batoto ndani ya nini?"

Darasa zima likamuunga mkono. Tulikwisha kukimbia vita mara mbili, tulijua: sufuria kwanza, halafu godoro.

Nikainua mkono. "Mwalimu, vita yabo iliishaka namna gani?"

"Ngoya. Iko mbele, utaona."

Esanse ikaisha kwenye jenereta, picha ikazimika. Mwalimu akasema tutamalizia juma lijalo. Juma lililofuata yeye alikuwa amekimbilia Mambasa, sisi Marabo, kila mtu na godoro lake kichwani.

Sasa pikipiki imeshawaka. Godoro limefungwa nyuma. Binti yangu ananiuliza, "Mama, tutarudi siku gani?"

Nampa sufuria aishike.