Mtu wa Huruma Hapandi Mikono Mitupu

Mdogo wangu Koki anasomea usanifu majengo, na watu wakiniuliza alianzia wapi huwa nawaambia ukweli: alianzia kwenye kiatu changu. Kilikuwa kiatu cha Jumapili, cheusi, chenye kifungo cha dhahabu ubavuni, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikikuta chini ya kitanda kimefungwa uzi, ndani yake wamekaa konokono wanne. Koki, aliyekuwa na miaka saba, alinieleza kwa upole kwamba hiyo ilikuwa lifti, na kwamba konokono hao ni wapangaji wanaongoja stima irudi. Jumapili hiyo nilikwenda kanisani mguu mmoja ukiteleza.

Tunakaa mtaa wa Huruma, orofa ya tano, katika jengo ambalo ngazi zake, nadhani, zilipimiwa paka. Maji hayapandi. Yanafika kwenye bomba la pale chini siku yanapojisikia, na kutoka hapo yanapanda kwa miguu ya mtu. Mama alifariki Koki akiwa na miaka mitano, na Baba alikuwa akishinda karakanani akichonga twiga wa kuuziwa watalii, kwa hivyo miguu hiyo ikawa yangu. Mtungi mkono huu, mtungi mkono ule, orofa tano. Nasema haya bila kinyongo, ila nayasema kila ninapopata nafasi.

Koki yeye alikuwa anajenga. Paketi za unga alizigeuza magorofa, maboksi ya sabuni yakawa kanisa, na vyoo aliviweka mbali na kanisa kwa sababu ya heshima. Siku moja akanitazama ninavyohema mlangoni akanihurumia, na huruma ya Koki ndiyo ya kuogopwa. Alifungua kamba ya kuanikia nguo, akaipitisha kwenye chuma cha veranda, akashusha ncha chini na kuniambia nifunge mtungi uliojaa. Tulivuta wote wawili. Mtungi ulipanda vizuri, bila kuyumba, mpaka orofa ya tatu.

Githinji, keateka wetu, mtunza jengo, alikuwa chini ameinamia sufuria ya githeri. Mtungi ulimkosa kwa mkono mmoja ukaangukia jiko. Alipanda orofa zote tano akibisha kila mlango, maji yakimchuruzika, akiuliza fundi ni nani. Koki alimpokea na daftari la hesabu ili amweleze mchoro, hasa pale kamba ilipokatika na kwa nini. Githinji alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kasichana, hapa ni pa kulala. Mambo ya kujenga yaishe leo."

Hayakuisha. Mwaka huu wa mwisho chuoni waliambiwa kila mmoja abuni makazi ya mtaa anaoujua. Koki akabuni jengo la Huruma, la orofa tano, lenye hewa na mwanga na ua wa watoto, akalitengeneza kwa kadibodi nyeupe, kuta zikifunguka ili uone ndani. Alitakiwa kulitetea Alhamisi mbele ya jopo la walimu. Akianguka arudie mwaka, na ufadhili wake hauna mwaka wa kurudia. Angeishia kuuza nguo za watoto pamoja nami kando ya barabara. Naipenda kazi yangu, lakini hatutoshi wawili pale. Jengo lenyewe lilipewa kitanda changu, mimi nikapewa godoro sakafuni kwa wiki tatu.

Kilichobaki ni watu. Modeli isiyo na watu, alinieleza Koki, humfanya mwalimu aone kadibodi tu. Akamwomba Baba. Karakana ilikuwa imefungwa tangu mwaka jana kwa kukosa wateja, na Baba alikuwa anashinda kwenye kigoda akitazama mikono yake, jambo ambalo mimi sikuweza kulitazama. Koki alivunja njiti ya kiberiti, akaipima kwa rula, akampa. "Baba, mtu mzima ni urefu huu. Usizidishe hata kidogo. Nataka thelathini."

Mzee Kyule, baba yetu, akaitia njiti ile katika mfuko wa shati, akachukua kisu chake kidogo na mabaki ya mti wa muhugu. Kuanzia siku hiyo chai yetu ilikuwa na vumbi la mti. Alichonga akiwa ametugeuzia mgongo, hataki tuone, na nilimsikia akiimba kwa mara ya kwanza tangu karakana ifungwe. Nilikunywa chai yenye vumbi nikanyamaza.

Jumanne mchana akaleta boksi la viatu. Nikiri kwamba nilisahau hasira zangu zote. Mama Mulama wa orofa ya pili alikuwamo na silinda ya gesi begani, na kilemba chake kile kile. Alikuwamo Githinji na gunia la makaa. Mwanamume mmoja alibeba godoro kichwani, mwingine meza juu chini. Kulikuwa na wanawake wenye mtungi kila mkono, na mmoja mwenye mtoto mgongoni na karai la nguo mbichi kiunoni. Wote thelathini, kila mmoja na mzigo wake.

Koki akaanza kuwapanga ndani ya jengo. Mwenye mitungi hakupita mlangoni. Mwenye godoro alikwama katika kona ya kwanza ya ngazi. Mama Mulama na Githinji, wakiwa ngazi moja, hawakuweza kupishana hata alipowageuza ubavu. Akajaribu tena, na tena, uso wake ukibadilika.

"Baba," akasema, "umekosea kipimo. Ni wakubwa."

Mchongaji wa miaka thelathini kazini huwezi kumwambia neno hilo ukiwa nyumbani kwake. Baba alitoa njiti mfukoni, akawasimamisha watu wake mezani foleni moja, akapima mmoja baada ya mwingine, wote thelathini, nasi tukisimama pale. Hakuna aliyezidi njiti. Akairudisha mfukoni.

"Sasa nionyeshe wako," akasema.

Koki akafungua kompyuta, akatuonyesha watu aliowatumia kupimia milango. Kulikuwa na kijana mwembamba mwenye kimkoba, Mzungu anayetembeza mbwa, na binti aliyeshika baluni. Baba akamwekea kidole binti wa mwisho.

"Huyu anaenda wapi na baluni?"

"Ni picha tu, Baba. Ni za kuonyesha mtu amepita."

"Anaishi Huruma?"

"Ndiyo."

"Na maji anatekewa na nani?"

Koki akaitazama picha upya. Mimi nilikuwa na jibu, lakini sikuulizwa.

"Mtu anayepanda ngazi za Huruma mikono mitupu," Baba akasema, "ni mwizi au mwenye nyumba. Mimi sikuwachonga hao. Ulisema unataka watu."

Koki alikaa pembeni mwa kitanda changu akalia kidogo, kisha akafuta macho kwa kiganja, na nikaona ule mwanga wa siku ya konokono umemrudia machoni. "Wanza," akaniita kwa sauti tamu, "teremka ujaze mitungi miwili."

Nilikataa kwa dakika nzima. Halafu nikajikuta kwenye ngazi, mtungi kila mkono, miaka ishirini na minane na biashara yangu mwenyewe, na mdogo wangu anarudi nyuma mbele yangu akinipima kwa futi, akiniambia, "Simama hapo. Usishushe mabega." Orofa ya pili Mama Mulama alitoka na silinda yake. Hakuweza kushuka, sisi hatukuweza kupanda, na nyuma yetu jirani yetu Bedan, anayesafirisha mbuzi wa soko la Kiamaiko kwa pikapi, akafika na gunia la viazi.

"Niaje, wasee," Bedan akasema. "Hapa kuna nini, harambee?"

"Hakuna mtu kusonga," Koki akasema, akiandika. "Sentimita tisini. Ngazi yangu pia ni tisini."

Githinji akachungulia kutoka chini, mzee sasa, akaona futi. "Koki," akasema kwa uchovu, "si nilikataza?"

Basi Koki akabomoa. Siku mbili kabla ya jopo aling'oa ngazi zote na milango yote kwa wembe, akajenga upya. Ngazi zikapanuka, ukumbi ukapungua. Katika kila kona ya ngazi akaweka kibenchi cha ukutani cha kutulizia mzigo, kwa sababu alikumbuka, akasema, mahali nilipokuwa nikipumzikia. Mimi sikujua kwamba aliwahi kuona. Na nje ya ukuta akaning'iniza kamba inayopita kwenye kigurudumu, ya kupandishia maji.

Alhamisi Bedan alitupeleka chuoni kwa pikapi yake, modeli ikiwa kati yangu na Baba, Baba akiwa na suti yake ya harusi. Bedan aliapa kwamba alikuwa ameosha pikapi. Jopo lilipokaribia, mwalimu mmoja alinusa, akatazama viatu vyake, akanusa tena.

Kiongozi wao alikuwa Daktari Mideva, mwanamke mrefu asiyecheka. Hakuuliza kuhusu hewa wala mwanga. Alimchukua mwenye godoro kwa vidole viwili, akampandisha ngazi kona kwa kona, akamshusha Mama Mulama na silinda yake kutoka juu, akawakutanisha orofa ya pili. Nilishika mkono wa Baba. Wakapishana.

"Na hii kamba?" akauliza. "Imewahi kujaribiwa?"

"Imejaribiwa, Daktari," Koki akasema. "Ilikatika. Sasa tumebadilisha kamba."

Daktari akaandika kitu. Kisha akainama karibu na orofa ya tatu, ambako juu ya kibenchi aliketi mwanamke mmoja ambaye sikuwa nimemwona. Alikuwa amenyoosha miguu, viatu vyake vina kifungo ubavuni, na mikono yake imelala mapajani, mitupu.

"Huyu wa thelathini na moja ni nani? Mbona hana mzigo?"

Koki akamgeukia Baba, maana huyo hata yeye hakuwa amemhesabu. Mzee Kyule akajikohoza mbele ya walimu wote.

"Huyo ni binti yangu mkubwa," akasema. "Amebeba ya kutosha. Nimempumzisha."

Sikumbuki vizuri kilichofuata, kwa sababu nilikuwa natafuta leso. Najua Koki alipita, tena vizuri, maana alipiga kelele kwenye korido mpaka akaambiwa anyamaze. Najua pia kwamba Bedan alitudai tumnunulie soda.

Jioni tukafika Huruma. Modeli ilikuwa ya kurudishwa juu. Koki akashika upande mmoja, akaniita bila hata kunitazama, "Wanza, shika hapo."

Nikamwonyesha mikono yangu, pande zote mbili. Baba akavua koti, akashika upande wa pili, na mimi nikapanda mbele yao. Katika kona ya orofa ya tatu nilikutana na Githinji akishuka. Alinitazama mikono, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena.

"Wewe," akasema kwa ukali, "unamtafuta nani hapa?"

"Ni mimi, Wanza," nikamjibu. "Nakaa hapa."