Naima Azalie Wapi

Redioni kuna wataalamu wanaobishana kila Jumamosi kama nchi kama yetu zitakuja kuishi kama Ulaya. Mmoja anasema bado kidogo, mwingine anasema sahau. Mimi huwa nazima. Jirani yangu Chausiku, ambaye mtaa mzima hapa Chamazi tunamwita Mama Naima, hakungoja jibu lao. Yeye aliita fundi.

Mama Naima ni Mzaramo wa Tandale. Alikulia kwenye chumba kimoja cha kupanga, choo kimoja uani kwa wapangaji wote, na mvua ikinyesha walipandisha magodoro juu ya meza. Akauza vitumbua sokoni pale pale, akaolewa, akafiwa na mume, akanunua kiwanja Chamazi wakati huku watu waliogopa kuja hata mchana. Nyumba aliijenga kwa mtindo wetu: chumba kimoja kikiezekwa unahamia, vingine vinakukuta ndani. Maji ya bomba hayakuja, akachimba kisima. Umeme ukawa wa kukatikakatika, akaweka sola. Ukiingia kwake utakuta taili, dari la jipsam na choo cha kukaa. Nje ya geti ni tope.

Binti yake wa pekee, Naima, anaishi Uholanzi na mumewe Anwar, kijana wa Buguruni anayefanya kazi kwenye ghala la maua. Mwaka jana akapata mimba. Kwa watu wa Pwani mimba ya kwanza haina mjadala: binti anarudi kwa mama yake, anazaa, anakaa ndani arobaini, mama anamkanda kwa maji ya moto na kumpa uji wa pilipili manga mpaka mwili urudi. Mama Naima alilitaka hilo kuliko kitu chochote. Naima akawa anasitasita. Basi mama akaomba picha ya bafu la Uholanzi, akampa fundi, akamwambia anataka hivyo hivyo. Fundi akafuata picha mpaka kile chuma cha ukutani cha kupashia taulo joto. Chamazi hii, ambako taulo linakauka ukilitazama tu. Nilicheka hadi akaninunia.

"Mama Gibson, wewe cheka," aliniambia. "Mie sitaki mwanangu aseme kule kuna kitu ambacho kwa mama yake hakipo."

Kila Jumapili walizungumza kwa simu ya video, na mimi ndiye niliyemshikia simu, maana akiishika mwenyewe Naima anaona dari tu. Naima akasema kule muuguzi anatumwa nyumbani kumsaidia mzazi kwa wiki nzima.

"Wiki?" mama akasema. "Hata kitovu hakijadondoka, keshaondoka?"

Ikaingia masika. Asubuhi moja mkwe wangu Lusungu, mke wa Gibson, alishikwa na uchungu. Gibson alikuwa kazini, kwa hiyo nilimwita Mama Naima, tukampakia Lusungu kwenye bajaji. Tulipofika korongoni maji yalikuwa yameifunika barabara. Dereva akagoma, na sikumlaumu. Watu wa pale wakatusaidia kumvusha kwa kumbeba. Zahanati walimpokea vizuri, mtoto akatoka mzima, lakini damu ya mama haikukatika. Wakatuandikia hospitali kubwa, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshampeleka mtu mwingine. Tukangoja. Mama Naima alikaa sakafuni kamshika Lusungu mkono, kanga zake zimelowa damu, na alikuwa akimwita kwa jina la Naima bila mwenyewe kujua.

Gari liliporudi Lusungu alifikishwa hospitali, akaongezewa damu, akapona. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungempoteza. Nilimshukuru Mungu, lakini hasira bado ninayo, na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili iliyofuata Naima alipiga simu akicheka.

"Shikamoo mama. Shikamoo Mama Gibson."

Tukaitikia.

"Mama, umeshinda. Anwar kakata tiketi, nakuja mwezi ujao. Nazalia kwako."

Miezi yote ile nilikuwa naisubiri furaha ya Mama Naima siku atakapolisikia neno hilo. Aliitazama mikono yake.

"Usije," akasema. "Zalia huko huko."

"Mama? Si wewe uliyesema kwako kuna kila kitu?"

"Ndani kipo, mwanangu. Barabara siwezi kujenga mie. Na damu ya kukuongezea siwezi kuiweka kwenye friji."

Naima akaanza kulia. "Sasa nani atanikanda?"

Swali hilo lilimvunja Mama Naima. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule. Nilimwonea huruma. Kusema kweli nilimwonea wivu Naima pia, kwa ajili ya Lusungu wangu, ambaye hana Uholanzi ya kubaki. Kisha Mama Naima akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Niitie mumeo."

Nilishangaa. Kwao mambo ya mzazi hayazungumzwi mbele ya mwanamume, sembuse mkwe. Anwar akatokea, akaamkia huku kainamisha macho.

"Marahaba. Una nguvu za mikono wewe?"

"Ninazo, mama."

"Basi niangalie, leo hakuna haya. Kitambaa kiwe kizito, maji yawe ya moto kiasi cha kuvumilika. Unaanzia mgongoni, taratibu. Atalia, atakuomba uache. Usimwachie."